Mlimau Ulikuwa Nje, Biji

Handsworth, Juni

Biji,

Mti ulikuwa nje. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, nitakueleza habari za mvua na bei ya vitunguu mpaka karatasi iishe, kisha niikunje barua nikiwa bado sijasema. Majira yote yale uliyolala hospitali, kila uliponiuliza, "Sista, mti iko ndani?" nikakujibu ndiyo Biji, uko ndani, mlimau wako ulikuwa uani umesimama kwenye mvua. Sikuuingiza hata siku moja.

Basi nimesema. Sasa naweza kukusalimu.

Shikamoo. Najua hukuipenda shikamoo, ulisema inakuzeesha. Pokea tu, leo huwezi kubishana na mimi.

Nyumba ipo. Jaswant mwanao bado anafanya kazi ya usiku kule kiwandani wanakoyeyusha chuma, anarudi asubuhi na kulala na buti zake mlangoni, na hakuna wa kumfokea. Mimi bado niko chumba cha juu. Jikoni hakuna kilichohamishwa. Ile mitungi yako ya viungo imepangwa vilevile, na mimi nisiyejua hata nusu ya majina yake naifuta vumbi kila Jumamosi kwa kukuogopa.

Nakumbuka siku niliyokuja kutafuta chumba. Nilikuwa nimetembea mitaa ile ya nyuma ya Soho Road mchana mzima, na milango mitatu ilikuwa imefungwa usoni kwangu kabla sijamaliza kusema habari za mchana. Wako ulikuwa wa nne. Ulinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, ukaona kanga niliyofungia begi langu, ukasema, "Wewe natoka Kenya? Kenya wapi?" Sikuwa nimesikia Kiswahili kwa miezi minne. Nikaanza kulia palepale mlangoni. Ukasema, "Hapana lia hapa. Ingia, lia ndani." Hukuwahi kuniuliza jina. Uliona sare ya uuguzi chini ya koti, na tangu siku hiyo nikawa Sista. Jina langu, Wakesho, ulikataa kujifunza. Nami nikakuita Biji kwa kuwa ndivyo Jaswant alivyokuita, na nilipokuja kujua kwamba maana yake ni mama, nilikuwa nimeshazoea.

Nikuambie kitu ambacho sikukuambia ukiwa hai? Kiswahili chako kilinichoma mwanzoni. Sarufi haikunisumbua, hata kwetu Taita tuna watu wanaoivunja. Kilichoniuma ni kwamba kilikuwa Kiswahili cha kuamuru. Ulikiokota kwa yaya na mpishi wako kule Kisumu, na maneno uliyobeba ni yale ya kumwambia mtu afanye: leta, peleka, fagia, funga, hapana hivyo. Ulinipenda kwa maneno hayohayo. "Sista, kula." "Sista, vaa soksi." "Sista, hapana kaa na huzuni, leta chai." Ilinichukua kama miaka miwili kuelewa kwamba hukuwa na mengine.

Na ule mlimau. Sijui ni mara ngapi ulinisimulia. Asubuhi ya kuondoka Kisumu, mwaka sitini na nane, wakati kila Mhindi mwenye pasipoti ya Uingereza alikuwa anakimbilia ndege kabla mlango wa kuingia huku haujafungwa, ulikamulia chai limau la mwisho la uani kwako. Mbegu ukazitoa mdomoni, ukazifunga kwenye pembe ya mtandio, fundo mara mbili. Hapa Birmingham ukazipanda kwenye debe la samli, karibu na hita ya mafuta ya taa. Moja tu ikaota.

Nilipokuja, mti ulikuwa unanifika kiunoni. Nikakuuliza, kwa ujinga wangu wa mtu wa shamba, kwa nini usiupande chini. Uani palikuwa na kipande kizuri cha udongo kando ya ukuta wa choo. Ulinitazama kama niliyekutukana. "Hii naenda Kisumu," ukasema. "Mti ya debe naweza panda ndege. Mti ya chini hapana." Ukabadilisha debe mara tatu katika miaka ile, kila mara kubwa zaidi, lakini debe ni debe. Koti lako zuri lilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, limekunjwa tayari. Jaswant alikuwa akicheka akisema Biji yuko stesheni mwaka wa saba huu. Mimi sikucheka, kwa sababu sanduku langu nalo lilikuwa chini ya kitanda changu.

Kila mwisho wa Oktoba, Jumapili ile saa zinaporudishwa nyuma, tulikuwa tunauingiza ndani. Wewe umevaa mabuti ya marehemu mumeo, mimi nimejifunga kanga juu ya suruali. Ulihesabu kwa Kipunjabi, ik, do, tin, na kwenye tin tunanyanyua. Halafu mti ulikaa sebuleni mpaka Mei, umechukua nafasi ya wageni wawili, na wewe ukaufuta jani moja moja kwa kitambaa na chai iliyopoa. Malimau ya dukani ulikuwa ukiyabonyeza mbele ya mwenye duka na kuyarudisha. "Hii hapana limau. Hii mpira."

Kisha kiangazi kilichopita mti ukachanua. Baada ya miaka yote ile! Uani kulinukia mpaka majirani wakauliza. Maua mengi yalianguka, yakabaki malimau matatu, ya kijani, madogo kama kucha, na wewe ukayalinda na paka, na ndege, na mimi. "Hapana chuma mpaka manjano yote." Nilikuambia, Biji, limau la kijani pia ni limau. Ukanipiga kidogo mkononi na kijiko.

Oktoba ikafika, ngazi zikaanza kukushinda. Ulisimama katikati ukishika ukuta, ukasema unatazama rangi. Mimi ni muuguzi, Biji. Niliona miguu yako ilivyovimba, nikajua. Walikuchukua siku chache kabla ya ile Jumapili yetu. Nilipokuja kukuona wodini ulinishika mkono, ukavuta pumzi mara mbili kabla ya kusema. "Sista," ukasema. "Naomba. Mti ndani."

Naomba. Sijui ulilipata wapi neno hilo. Miaka minne nilikuwa sijalisikia kinywani mwako, na nilitoka wodini nikilirudia njia nzima mpaka kituo cha basi.

Na bado sikuuingiza. Jumapili hiyo nilikuwa peke yangu na debe lilikuwa zito. Jaswant alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha. Nikasema Jumamosi. Jumamosi nikawa zamu. Nikasema ikija baridi tu nitamwomba anisaidie. Baridi haikuja.

Yale hayakuwa majira ya baridi, ilikuwa mvua tu. Novemba mvua, Desemba mvua, Krismasi tulikwenda kanisani bila glavu. Waridi la jirani lilikuwa na ua mwezi wa Januari. Kwenye basi wanawake wa Jamaika walifungua vifungo vya makoti wakasema hatimaye Mungu ameikumbuka Birmingham. Na mlimau wako, Biji, ulikuwa unapendeza. Ulitoa majani mapya, laini, yanang'aa. Malimau yalijaa. Nikaona uongo wangu haudhuru mtu. Sisi wauguzi tunadanganya wagonjwa mchana kutwa, unaendelea vizuri, daktari amefurahi, na nilikupanga wewe humohumo. Mti uko ndani, Biji. Umefutwa, Biji. Ndiyo, kwa chai.

Halafu nikafanya jambo baya zaidi.

Kwetu Wundanyi mvua ikinyesha hivyo, ya taratibu, siku tatu mfululizo, na udongo ukawa na joto, hakuna anayekaa ndani. Mama yangu alichukua jembe kabla hata hajanywa chai. Mvua kwetu ni ruhusa. Imekuja, panda, yaliyobaki yatajiendea. Mimi nimekulia hapo na sijui kama hilo linamtoka mtu. Alhamisi moja ya Februari, siku yangu ya mapumziko, nilifungua mlango wa nyuma na ule unyevunyevu ukanipanda puani. Ulinuka nyumbani. Debe lilikuwa limeoza chini kwa kutu, mizizi imetoka, inatafuta njia kati ya matofali. Nikachukua sepetu ya Jaswant. Nikachimba kando ya ukuta wa choo, nikalikata debe kwa mkasi wa bati, nikaupanda mlimau wako chini. Nilikanyaga udongo kwa miguu mitupu, Biji, mwezi wa Februari, Birmingham. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nije nchi hii.

Usidhani nilisahau ulichosema kuhusu ndege. Nilikumbuka. Nilijiambia nitakufanyia kitu cha kukushangaza, utarudi nyumbani uukute umenona. Lakini nimeahidi ukweli kwenye barua hii. Kulikuwa na sehemu yangu, ndogo tu, iliyofurahi kwamba mara hii Biji amesema na mimi sikutii. Na mara hiyo hukuwa umeamuru. Uliniomba. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Kesho yake jioni nikaja kukuona. Muuguzi hafugi uchafu kwenye kucha, na nilikuwa nimesugua kwa brashi mpaka ngozi ikawasha, lakini kwenye kidole gumba ulibaki. Ulinishika mkono kama kawaida. Ukaugeuza. Ukachukua ukucha wako, ukautoa ule udongo polepole, ukautazama kwenye ncha ya kidole chako muda mrefu. Kisha ukaufuta kwenye shuka.

"Mvua iko mzuri?" ukauliza.

Nikasema nzuri sana, Biji.

"Limau iko manjano?"

Nikasema moja limeanza, upande mmoja. Hilo lilikuwa kweli.

"Sawa," ukasema. "Nenda, kula."

Ndilo neno lako la mwisho kwangu, kula. Jumanne iliyofuata nilikuwa namwogesha mzee mmoja kitandani, wakaniita kwenye simu. Nilijua. Nikamaliza kwanza kumfuta mgongo, nikamfunga vifungo vyote vya pajama, ndipo nikaenda. Sijui kwa nini. Labda nilifikiri nisipoishika simu utakuwa bado upo.

Kule gurudwara, hekalu lenu, walinipeleka jikoni na wanawake wengine, nikasukuma chapati. Mama mmoja mzee, wa Nakuru, alisimama kutazama mikono yangu akauliza kwa Kiswahili kama chako kabisa, "Nani nafundisha wewe?" Nikasema Biji. Akanivuta kichwa akakilaza begani kwake, unga na vyote. Jaswant aliyapeleka majivu yako Punjab, kwenye mto wa kijiji ulichokitoka ukiwa msichana. Ndiyo desturi, sina la kusema. Lakini nilifikiri, mbona hakuna kilichokwenda Kisumu.

Na baridi ikaja, Biji. Ilikuja watu walipokwisha kukunja makoti. Ijumaa Kuu upepo uligeuka, nikaufunika mti kwa lile godoro lako dogo la pamba, na magazeti, na juu nikafunga lile plastiki la sofa ambalo kwa miaka saba hukuruhusu mtu alitoe. Naam, nimelitoa. Sofa lina rangi nzuri sana chini yake. Theluji ilianguka Jumamosi, ikaanguka Pasaka yenyewe. Jumatatu asubuhi nilifunua. Majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Malimau mawili yalikuwa laini, maji matupu. La tatu, lile lililokuwa ndani kabisa ya mikunjo ya godoro, lilikuwa gumu bado, nusu manjano, nusu kijani.

Jaswant alirudi kazini akanikuta nimepiga magoti kwenye theluji na sare yangu. Nikamwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Alisimama na theluji kwenye kilemba, macho mekundu ya usingizi. "Sista," akasema, "Biji knew. Ile Friday ulienda, mimi nilifika baada yako, akaniambia, Sista amepanda mti chini. Nikasema, don't worry Biji, nitauchimba, naurudisha kwa debe. Akasema wacha. She said, mimi siendi Kisumu tena. Wacha mti ukae na Sista."

Nilikaa chini palepale, kwenye kizingiti cha choo.

Nilikukasirikia, Biji. Nakuambia wazi. Ulijua, ukanisafisha kucha, ukaniuliza habari za mvua kama mgeni, ukaniacha nitoke na uongo wangu. Ungenifokea! Ulinifokea kwa chumvi, kwa soksi, kwa kuacha taa ikiwaka, na hili moja ukalinyamazia. Nilibeba hasira hiyo wiki mbili. Kisha siku moja nikiwa naosha vyombo nikawaza, angesema nini? Kwenye Kiswahili chako hapakuwa na neno la kusamehe. Hukuwahi kulihitaji kwa mpishi. Ulikuwa na "sawa" tu, na "kula", na siku ile ulinipa yote mawili.

Lakini pia nimejua kitu kingine na hicho sikipendi. Ulipoona udongo kwenye kidole changu, hapo ndipo ulipoikunjua safari yako na kuiacha. Labda ulikuwa umeshajua. Labda pumzi yako ilikuwa imeshakuambia. Lakini ni ukucha wangu uliokuonyesha, na hilo nitakaa nalo.

Limau nililiacha dirishani mpaka likawa manjano lote, kama ulivyotaka. Tukalikata Jumapili, mimi na Jaswant. Juisi ilikuwa kidogo, kijiko na nusu, kali mno. Tukagawana kwenye chai ya tangawizi. Jaswant alikunywa akafumba macho, akasema ndiyo, ni lile, ni la kwetu. Kisha akatoka kwenda kutazama baiskeli yake ambayo haikuwa na shida yoyote.

Mbegu nilizitoa mdomoni, kama wewe. Mti wa uani nimeukwaruza gome kila mahali kwa ukucha, kutoka juu hadi kwenye udongo, nikitafuta kijani. Hakuna. Ni kahawia, mkavu. Jaswant alitaka kuung'oa, nikakataa. Ulisema ukae na mimi, utakaa.

Likizo yangu ndefu ni mwakani. Sitaanzia Wundanyi, mama yangu atanielewa. Nitashuka Nairobi, nichukue treni hadi Kisumu, mji nisioujua, niitafute ile nyumba yako uliyonisimulia, yenye milango ya buluu nyuma ya bazaa. Nitabisha. Sijui nani anaishi humo sasa. Nitamwambia kulikuwa na mlimau uani hapa, naomba nafasi ya kuurudisha. Nitatumia neno lile lile, Biji. Naomba. Na nitaupanda chini, kwenye udongo wake, nikanyage kwa miguu mitupu, mvua iwepo au isiwepo.

Kwaheri, Biji. Lala. Koti lako nimelitoa kwenye sanduku, nimelitundika mlangoni karibu na langu.

Leo mvua inanyesha tena, ya joto, na majirani wote wametoa vyungu vyao nje. Mikono inaniwasha. Nimeikalia. Kwenye kopo la samli pale dirishani, nyuma ya kioo, kuna kitu kirefu kama kijiti cha kiberiti, kina majani mawili. Mbegu zilizobaki zimeoza, kama mara ile. Nakifuta kwa chai iliyopoa. Ukiniuliza leo sitageuza macho.

Mti iko ndani, Biji. Iko ndani.

Sista